Jinsi ya kulionja shairi la Kichina la mwisho wa machipuko: "Wan Chun" la Han Yu

Wan ni jioni, na pia ni kuchelewa. Chun ni majira ya mchipuko. Wan chun basi ni zile siku za mwisho za machipuko, maua yameshika kasi na joto liko mlangoni. Shairi lenye jina hilo, la Han Yu wa enzi ya Tang, lina mistari minne na herufi 28. Ukipewa tafsiri yake unalimaliza kabla chai haijapoa, unasema "sawa, maua yanachanua, kitu cheupe kinaruka," unafunga. Mara ya kwanza mimi nililifunga hivyohivyo, na nilikaa miaka bila kujua nimepitwa na nini.

Kichina si lazima ukijue. Tafuta karatasi, kalamu, saa moja ya utulivu, na sauti ya Mchina yeyote akilisoma shairi hili. Mtandaoni sauti hizo zimejaa, kwa sababu shairi limo katika vitabu vya kiada vya darasa la saba huko China na watoto wanalikariri.

Hatua ya 1: Liandike kwa mkono, safu tatu

Usianze na tafsiri iliyokwisha kunyooshwa. Aliyeinyoosha ameshaamua mambo mengi kwa niaba yako, na hakukuachia hata kovu uone alipokata. Kila mstari uandike safu tatu: herufi, matamshi, kisha maana ya kila herufi ikiwa peke yake.

草树知春不久归
cǎo shù zhī chūn bù jiǔ guī
nyasi, mti, jua, machipuko, si, muda mrefu, rudi kwao

百般红紫斗芳菲
bǎi bān hóng zǐ dòu fāng fēi
mia, namna, nyekundu, zambarau, pigana, harufu nzuri, uzuri wa maua

杨花榆荚无才思
yáng huā yú jiá wú cái sì
mwerebi, ua, mti wa yu, ganda, bila, kipaji, fikra

惟解漫天作雪飞
wéi jiě màn tiān zuò xuě fēi
tu, jua, jaza, mbingu, jifanya, theluji, ruka

Kuna nakala zinazoanza na 草木, cǎo mù, badala ya 草树. Usihangaike, zote mbili zinazunguka na maana haiyumbi.

Sasa tazama safu ya tatu, uhesabu visivyokuwapo. Hakuna "mimi" wala wakati: huwezi kujua kama nyasi zilijua, zinajua au zitajua. Hakuna umoja wala wingi. Mti wa mstari wa kwanza unaweza kuwa mmoja, unaweza kuwa msitu. Kiswahili hakituachii nafasi hiyo. Kitenzi chetu hakitoki nyumbani bila kiambishi cha nafsi na cha wakati. Shida hiyo iweke kando kwanza, tutaikuta tena kwenye hatua ya sita, na itatufaa.

Hatua ya 2: Lisikilize kabla ya kulielewa

Kila herufi ni silabi moja, kwa hiyo kila mstari una mizani saba kamili. Piga meza kwa kidole ukisoma: nne, pumzi, tatu. Cǎo shù zhī chūn, bù jiǔ guī. Ukwapi una mizani minne na utao una mitatu. Sisi tuliolelewa kwenye nane kwa nane tunahisi mguu mmoja mfupi, na huko kuchechemea ndiko mwendo wenyewe. Mstari unafika ukingoni mapema kuliko sikio lilivyotarajia.

Vina viko wapi? Guī, fēi, fēi: mstari wa kwanza, wa pili na wa nne. Ukiufikiria ubeti wa utenzi, vipande vitatu vya mwanzo hushikana kwa kina kimoja, cha nne kikatoka na kina chake kinachokimbia utenzi mzima. Hapa anayetoka ni wa tatu, halafu wa nne anarudi nyumbani. Wachina wana majina ya hatua hizo nne: qi, cheng, zhuan, he, yaani kufungua, kupokea, kugeuza, kufunga. Mstari wa tatu ndio wa kugeuza. Msikilize msomaji wako anapofika pale: maneno ya vina yote matatu yana toni ya juu iliyonyooka, lakini mstari wa tatu unaishia kwenye sì, toni inayoanguka. Hata ukiwa huelewi neno, utasikia kitu kimedondoka. Weka nyota pembeni ya mstari huo.

Jambo dogo kwa wapenda sauti: Han Yu mwenyewe hakulitamka hivi. Enzi zake silabi kadhaa za shairi hili ziliishia kwa konsonanti iliyobanwa, kama t, p au k. Neno la theluji, xuě, lilikuwa na t mwishoni, na Wakantoni wa kusini mwa China hadi leo wanasema syut. Ukipata kurekodiwa kwa Kikantoni, sikiliza mara moja kwa ajili ya hilo tu.

Hatua ya 3: Vione vitu vyenyewe

Hapa usipite haraka. Shairi zima limesimama juu ya vitu viwili ambavyo wengi wetu hatujaviona, na asiyeviona atadhani mshairi anapamba tu.

Kwanza msimu. Kwa kalenda ya jadi ya China, machipuko ni mwezi wa kwanza hadi wa tatu, na huu wa tatu ndio wan chun. Kwa kalenda tunayotumia wote ni Aprili hivi: karibu tarehe 20 Aprili kuna kipindi kiitwacho Guyu, "mvua ya nafaka", na karibu tarehe 5 Mei kinaingia Lixia, ambapo majira ya joto yanahesabiwa kuwa yameanza. Kwetu wakati huohuo masika yanamwagika, lakini tafadhali usitafsiri chun kwa "masika". Masika yakiisha watu hupumua na barabara hukauka. Chun ikiisha, washairi wa China huomboleza. Kuna mamia ya mashairi ya kuisindikiza chun kama anavyosindikizwa mgeni hadi mto wa mpakani.

Pili, yáng huā. Kwa neno lilivyo ni ua la mti wa yang, lakini washairi wa kale hulitumia kwa ile sufi ya mwerebi. Mwerebi unaujua kwa jina kama umesoma Isaya: "kama mierebi karibu na mifereji ya maji". Mbegu zake ni ndogo kama nukta, na kila moja imefungwa kwenye manyoya meupe. Zikikomaa, kidude kinapasuka na manyoya yanaondoka na upepo.

Kama umekaa karibu na msufi siku ambazo matunda yake yanapasuka, umeshaelewa nusu ya shairi. Sasa ondoa ule msufi mmoja uliosimama nyuma ya shule, weka maelfu ya miti kwenye kila barabara ya mji. Machipuko yangu ya kwanza kaskazini mwa China nilitoka bwenini asubuhi nikakuta ua mzima mweupe, kona za ngazi zimejaa mafungu ya manyoya, nikadhani mtu wa ghorofa ya juu amechana mto. Nilitazama juu nimtafute. Hakukuwa na mtu. Jua lilikuwa linawaka, hewa ina joto, na vinyoya vilikuwa vinashuka polepole, vingine vikipanda tena kabla ya kugusa ardhi. Jioni nilikuwa nimevimba macho.

Hilo la macho lina maana kwenye shairi, na nitakwambia kwa nini. Hadi leo Beijing kila Aprili na Mei hulalamikia manyoya haya: yanawasha pua, yanaingia madirishani, na yakikusanyika yanashika moto kwa kasi ya ajabu. Hakuna anayeyapanga kwenye chombo cha maua. Kwa hiyo Han Yu anapoyasema vibaya kwenye mstari wa tatu, ana mji mzima nyuma yake unaoitikia.

Tatu, yú jiá, maganda ya mti wa yu. Huu ni mti mkubwa wa kaskazini usio na jina la Kiswahili, nami sioni haja ya kuubatizia. Ganda lake ni duara, bapa, jembamba kama karatasi, lina ukubwa wa ukucha, mbegu iko katikati. Kwa sura hiyo Wachina huliita sarafu ya yu, yuqian. Likiwa bado kijani huchumwa, likachanganywa na unga na kupikwa kwa mvuke; ni chakula cha watu wa kawaida cha machipuko. Likishakauka linakuwa jeupe la manjano na halilwi tena. Linaruka tu. Maganda ya shairi hili ni hayo yaliyokwisha pitwa na sufuria.

Chora picha ndogo ya vyote viwili pembeni ya karatasi. Si lazima iwe nzuri.

Hatua ya 4: Zungushia vitenzi

Viko vitano vyenye kazi: 知 zhī, 归 guī, 斗 dòu, 解 jiě, 飞 fēi. Vizungushie kalamu nyekundu, tuvipitie, ila si kwa mpangilio.

Guī kwanza, kwa sababu ndiyo inayowaangusha watafsiri. Kamusi itakwambia "kurudi". Ukiandika "nyasi na miti zinajua machipuko yatarudi karibuni", umegeuza shairi nyuma mbele. Guī ni kurudi kwao, kama bibi harusi anavyokwenda kwa mumewe au msafiri anavyorejea kijijini. Machipuko yalikuja kwetu ugenini na sasa yanakwenda kwao. Hayafi wala hayakomi. Yana kwao, na kwao si hapa. Kiswahili kina neno "kwao" ambalo linalibeba hili vizuri kuliko lugha nyingi, tulitumie.

Dòu ni kupigana, kushindanishwa. Ni neno la jogoo wanaopiganishwa. Lakini huko Chang'an, mji mkuu wa Tang ambao leo ni Xi'an, lilikuwa pia na maana ya mapambo: wanawake wa mji walikuwa wakishindana machipukoni kwa maua ya kuvaa kichwani, na aliyevaa mengi na ya ajabu zaidi ndiye aliyeshinda. Mtu aliyewahi kuona shughuli ya harusi ya pwani, asumini na vikuba vikiingia ukumbini, kila kundi na sare yake, hahitaji maelezo zaidi. Maua ya mstari wa pili yana ushindani wa aina hiyo. Na yana haraka, kwa sababu mstari wa kwanza umeshasema muda ni mchache.

Zhī na jiě usivitenganishe. Vyote viwili ni kujua. Zhī ni kujua habari: nyasi na miti zinajua kwamba machipuko yanaondoka. Jiě ni kujua kufanya, ujuzi: manyoya na maganda yanajua kuruka tu. Mstari wa kwanza una kujua, na mstari wa mwisho una kujua. Wa kwanza wamepata taarifa, wakaingiwa na wasiwasi, wakavaa kila walichonacho. Wa mwisho hawakupata taarifa, au waliipata hawakuijali. Wana ujuzi mmoja nao wameutumia. Mimi ningeweza kukaa hapa siku nzima. Vitenzi viwili, kimoja huku na kimoja kule, vinashika shairi kama vipini viwili vya kikapu.

Fēi, kuruka, tuiache kwa sasa. Kumbuka tu kwamba ndilo neno la mwisho kabisa.

Hatua ya 5: Kaa kwenye tusi

Rudi kwenye nyota uliyoiweka. Wú cái sì. Bila kipaji, bila fikra. Lakini cái sì si akili ya kawaida ya kuhesabu chenji. Ni kipaji cha utunzi, ile akili inayomjia mtu mwenye kalamu mkononi. Han Yu hasemi manyoya ni majinga. Anasema manyoya hayajui kutunga.

Kwa nini umtukane mbegu kwa kutojua kutunga? Hapa inabidi umjue kidogo aliyeshika kalamu. Han Yu alizaliwa mwaka 768 na kufariki 824. Alibaki yatima akiwa mdogo sana, akalelewa na kaka yake na shemeji yake. Kupata kazi ya serikali kulihitaji mtihani mkuu, na kwenye mtihani huo mtu alitakiwa kutunga shairi. Alifeli mara tatu. Alipita mara ya nne, mwaka 792. Kisha akajaribu mtihani mwingine wa kumwezesha kupewa cheo, nako akafeli mara tatu. Waliofaulu walisherehekea machipukoni, Chang'an hiyohiyo, na vijana wawili kati yao walitumwa kuzunguka bustani za mji kutafuta maua mazuri kuliko yote. Kwa hiyo neno "hana kipaji cha utunzi", likisemwa Chang'an katika msimu wa maua, lilikuwa na meno. Aliyelitumia alikuwa ameshang'atwa nalo mara sita.

Shairi letu kwa kawaida huwekwa mwaka 816, miongoni mwa mashairi kumi na sita aliyoyatunga akitembea kusini ya mji. Wakati huo alikuwa bwana mkubwa wa nathari, anayeheshimiwa, tena mtu wa kusema bila kumeza maneno: miaka mitatu baadaye, mwaka 819, alimwandikia mfalme kumkataza asiuabudu mfupa wa Buddha, nusura auawe, akafukuziwa Chaozhou huko kusini kabisa.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kila msomaji wa Kichina aliyesoma kidogo, akiona sufi ya mwerebi na theluji pamoja, kuna kisa kinachomjia kichwani bila kuitwa. Ni cha karne ya 4. Siku moja ya theluji, bwana mmoja aitwaye Xie An alikuwa amekaa na watoto wa ukoo. Akawauliza: theluji hii inayoanguka mnaifananisha na nini? Mpwa wake mmoja akajibu kwamba inakaribia kufanana na chumvi iliyomwagwa hewani. Binti wa ukoo, Xie Daoyun, akasema: afadhali kuifananisha na sufi ya mwerebi iliyoinuliwa na upepo. Mzee akacheka kwa furaha. Kwa jibu hilo moja binti yule akawa kipimo. Mwanamke mwenye kipaji cha fasihi huko China bado husemwa ana kipaji cha kuimba sufi ya mwerebi.

Unaona alichokifanya Han Yu? Amechukua kitu kilekile ambacho kwa karne kadhaa kilikuwa nembo ya kipaji, akakiita kisicho na kipaji. Na kwenye mstari unaofuata akakifanya kiigize theluji, ule mfano wa binti uliopinduliwa. Mtu anayetaka kutukana kweli hachagui tusi linalomkumbusha msikilizaji sifa.

Hatua ya 6: Chagua upande, kisha utafsiri

Wasomaji wamebishana juu ya mstari huo kwa karne nyingi. Walimu wengi hufundisha kwamba manyoya ni watu wavivu wasiojiandaa, na funzo ni kutumia muda vizuri ukiwa kijana. Sikatai kwamba linaweza kusomwa hivyo, ila kila shairi la China likipita darasani hutoka likiwa limevaa sare. Wengine wanasema kinyume: manyoya ni shujaa, hayana rangi wala harufu, lakini hayakukaa pembeni yakaona haya. Wengine wanaona ni utani tu wa mtu aliyekwenda kutembea.

Mimi nipo kati ya hao wawili wa mwisho, na sababu yangu ni ya hesabu. Maua ya mia na moja yamepewa mstari mmoja, nao ni wa kusukumana. Manyoya na maganda yamepewa miwili, na kwenye wa pili yamepewa mbingu nzima. Kisha lile neno la mwisho. Uzuri wa maua mwishoni mwa mstari wa pili ni fēi, na kuruka mwishoni mwa mstari wa nne ni fēi. Herufi ni tofauti, ila kwa Kichina cha leo ni sauti moja, toni moja. Sikio linasikia zawadi ya maua ikikabidhiwa kwa wasio na kipaji. Wewe unaweza kuamua vingine, mradi uamue kabla ya kushika kalamu, kwa sababu Kiswahili hakitakuruhusu kukaa katikati.

Itakubana kwenye ngeli. Nyasi ni zi, miti ni i, maganda ni ya. Ukiandika "nyasi na miti vinajua", umeandika sarufi njema na umeua tashihisi. Ukiandika "wanajua", umewapa roho, kama tunavyompa sungura kwenye hadithi. Han Yu hakuwa na uamuzi huu wa kufanya. Kitenzi chake hakina kiambishi. Wewe unao. Mimi nimewapa wote wa-, maua na manyoya sawasawa, nisije nikawa nimempendelea mmoja kwa sarufi.

Hili ndilo jaribio langu, kwa nane kwa nane, na vina vya Kichina vya kwanza, pili na nne:

Nyasi na miti wajua, machipuko yenda kwao,
Wekundu na zambarau, washindana rangi zao;
Sufi na maganda ya yu, kipaji hawakupewa,
Kutanda kama theluji, ndio tu ujuzi wao.

Nilichopata: "kwao" kwa guī, na "wajua" mwanzoni na "ujuzi" mwishoni, mzizi mmoja unaojibizana kama zhī na jiě. Nilichopoteza ni kingi. Harufu imetoweka kabisa, fāng fēi imebaki rangi. "Mia" imeanguka njiani. Na kosa linalonikera: nimepata "kutanda" kwa kujaza mbingu, nikapoteza kuruka, lile neno la mwisho nililolisifu hapo juu. Nilijaribu "kuruka kama theluji", mbingu ikapotea. Nimeziandika zote mbili kwenye karatasi yangu, na baadhi ya siku nabadilisha.

Sasa andika ya kwako. Usijali vina ukishindwa, jali vile vitenzi vitano.

Hatua ya 7: Liweke kando ya theluji halisi

Ukishamaliza, tafuta shairi jingine la Han Yu, "Chun Xue", theluji ya machipuko. Nalo ni la mistari minne, herufi 28. Mwaka mpya umeingia na hakuna ua hata moja. Mwezi wa pili mshairi anashtuka kuona vichipukizi vya nyasi. Kisha mistari miwili ya mwisho: theluji nyeupe, ikiona machipuko yanachelewa, inapenya kwa makusudi katikati ya miti ya uani ikijifanya maua yanayoruka.

Nakili mstari wake wa mwisho chini ya mstari wa mwisho wa "Wan Chun":

惟解漫天作雪飞
wéi jiě màn tiān zuò xuě fēi

故穿庭树作飞花
gù chuān tíng shù zuò fēi huā

Tafuta 作, zuò, kwenye yote miwili: imekaa nafasi ya tano kote. Baada yake, huku ni theluji na kuruka, kule ni kuruka na maua. Mwanzoni mwa machipuko theluji inajifanya ua kwa sababu haina subira. Mwishoni mbegu inajifanya theluji kwa sababu haijui jingine. Ile theluji imepewa neno gù, "kwa makusudi". Manyoya yamepewa wéi jiě, "yanajua hilo tu". Soma "Chun Xue" kwanza, kisha "Wan Chun", kwa sauti, bila kusimama katikati, halafu urudi kwenye nyota yako uone kama bado linasikika kama tusi.